Mwaka mmoja wa kuutazama mkungu mmoja katikati ya Malindi

Mwanzisha uzi (Malindi)

Assalaam aleikum, wanabaraza. Uzi huu ni mrefu, na ndani yake hamna siasa wala mpira, kwa hiyo mwenye haraka zake apite kwa amani.

Mimi ni mweka hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi kando ya Barabara ya Lamu, hapa Malindi. Anayeijua barabara hiyo hahitaji kuelezwa: tuktuk na bodaboda hazikatiki tangu alfajiri, malori ya mawe ya kuchonga hupita yakitimua vumbi jeupe, na humo dukani kwetu mna mashine ya kukatia vyuma ambayo ikianza kulia, mteja na muuzaji huelewana kwa vidole. Mbele ya mlango, kati ya lami na mtaro, umesimama mkungu mmoja, na chini yake mama mmoja hukaanga viazi karai na bajia. Nimekaa uso kwa uso na mti huo kwa miaka 9, na kwa miaka 8 kati ya hiyo ningekula kiapo kwamba naujua.

Kilichonizindua hakikuwa hekima. Simu yangu ilitumbukia ndani ya ndoo ya rangi, na fundi akakaa nayo wiki tatu. Kazi ya dukani ina kungoja kwingi kuliko watu wanavyodhani: humngoja mteja, humngoja mwenye lori, hungoja umeme urudi, na kungoja kote huko nilikuwa nimekujaza kwa simu. Sasa mkono ulikuwa mtupu na jicho halikuwa na pa kwenda ila nje. Siku ya tatu nikaona kwamba majani ya mkungu yamekuwa mekundu, mekundu hasa, kama matofali yaliyoiva tanuruni, nikatoka kumwambia yule mama kwamba mti wake unakufa. Alicheka hata akaweka upawa chini. "Baba, huu hujivua mara mbili kwa mwaka," akaniambia, "na kila ukijivua, wewe huyakanyaga majani yake ukienda kula."

Niliona haya. Jioni ile nikafungua daftari la madeni kwa upande wa nyuma, nikaanza kuandika mstari mmoja kila siku kuhusu kitu kimoja nilichokiona au kukisikia nikiwa kazini au njiani kurudi nyumbani. Sharti nililojiwekea ni moja tu: nisiende mahali popote kwa ajili ya kutafuta cha kuandika.

Sharti hilo nalitetea kwa sababu wengi wetu tukisikia habari za maumbile, fikira hukimbilia hifadhini. Tunazo, alhamdulillahi. Hifadhi ya Bahari ya Malindi ilianzishwa mwaka 1968, na kusini yetu uko msitu wa Arabuko-Sokoke wenye kilomita za mraba zipatazo 420. Sisemi watu wasiende. Lakini safari ya hifadhini hukuonyesha vitu vingi mara moja, ilhali mlango wa duka hukuonyesha kitu kimoja mara nyingi, nami naona kwamba ni huku kwa pili kunakolifundisha jicho. Labda ni tabia ya kale ya binadamu kustaajabia cha mbali: mwaka 1415 watu wa Malindi walipeleka twiga hadi China, naye akawashangaza watu wa jumba la mfalme kiasi cha kumfananisha na mnyama wa hekaya zao. Twiga huyo angali anasimuliwa mpaka leo, na sidhani kwamba kuna aliyeandika siku hiyo ni ndege gani walikuwa wakilia juu ya mapaa ya Malindi.

Mwanzisha uzi (Malindi)

Naendelea na yaliyomo daftarini, ila nitateua.

Kwanza, kungu. Nyumba yangu iko Majengo, chini ya mabati, na kwa miaka mingi nilikuwa nikishtuliwa usiku na kitu kinachogonga bati, ko!, kisha kikabiringika hadi ukingoni. Niliwashuku vijana wa mtaa, na wakati mmoja nilitoka na fimbo. Daftari ndilo lililonipeleka kuokota kilichoanguka: kokwa ya kungu, iliyotafunwa pande zote hadi kwenye nyuzi, nayo hakuna mkungu unaofikia paa letu. Wenye kosa ni popo. Popo walao matunda huchuma kungu, wakaruka nalo hadi kwenye mti mwingine ambako wanaweza kula kwa utulivu, na wakimaliza kutafuna nyama yake huiachia kokwa ianguke. Karibu nami kuna mwembe, na huo mwembe ndio meza yao. Tangu nilipojua hivyo silali vizuri zaidi, maana kelele ni ile ile, lakini fimbo nimeirudisha mahali pake.

Pili, upepo. Watu wa bahari hawahitaji kuambiwa na mweka hesabu kwamba kusi hupisha kaskazi, lakini mimi sikuwa na tanga wala ngalawa ya kunifahamisha. Nilikuwa na moshi wa karai. Tangu Aprili moshi wa yule mama ulikuwa ukielekea kwa jirani yetu mwenye duka la vipuri, aliyekuwa akilalamika kila siku, nasi tukimpa pole kwa mdomo tu. Mnamo Novemba ukaanza kuyumba, siku kwake na siku kwetu, na ilipoingia Desemba ulikuwa umehamia kwetu moja kwa moja, hata hati za stakabadhi zikanuka bajia. Hiyo ndiyo kaskazi, ile ile iliyokuwa ikileta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi kwenye pwani hii kwa karne nyingi, nasi dukani tuliipokea kwa kikohozi.

Tatu, na hapa naomba mnivumilie, kereng'ende. Nawakusudia wale wadudu wenye mabawa manne yanayong'aa kama kioo. Baada ya mvua za vuli niliwaona wengi mno juu ya kiwanja cha kituo cha mafuta kilicho ng'ambo ya barabara, wakienda na kurudi bila kutua. Niliwauliza watu, kila mmoja akaniambia wametoka mtaroni. Huenda wengine wametoka humo. Lakini mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives, aliandika kwamba kereng'ende wa aina moja hutokea visiwani humo kwa mamilioni kila mwezi wa Oktoba, ingawa visiwa hivyo karibu havina maji baridi ya kuwazalia, na akatoa hoja kwamba wanavuka bahari kutoka India kuja Afrika Mashariki kwa kubebwa na pepo za majira, wakifuata mvua, kisha vizazi vyao hurudi kwa pepo za upande wa pili. Mdudu huyo hafiki uzito wa gramu 1. Siwezi kuapa kwamba wale wa kituo cha mafuta walikuwa mabaharia wa namna hiyo, lakini tangu nisome habari hiyo siwezi tena kuwatazama kama uchafu wa mtaroni.

Nne, bahari yenyewe, ambayo kwa kweli huku barabarani hatuioni. Njia yangu ya jioni hupita karibu na gati. Miezi ile ya kusi maji huwa ya samawati hata mbele ya mji. Kaskazi ikivuma, hasa baada ya mvua za vuli, huwa rangi ya chai ya maziwa. Hilo tope ni la mto Sabaki, ambao mdomo wake uko kaskazini mwa mji, na kaskazi husukuma maji yake kuja upande wetu wakati kusi huyapeleka upande wa pili. Sabaki ndio ule ule Galana wa Tsavo na Athi wa huko juu, na maji ya mto Nairobi humwagikia humo. Kwa hiyo mtu akisimama gatini Malindi mwezi wa Desemba anatazama mashamba ya Ukambani na mitaro ya Nairobi ikipita mbele yake. Wazee watawaambia kwamba tope hilo limeisogeza hata pwani: ufuko wa mji umepanuka kwa miongo kadhaa, na majengo yaliyokuwa yakipigwa na mawimbi sasa yanatenganishwa na maji kwa uwanda mpana wa mchanga.

Yako mengine, ila vidole vimechoka. Nataka kusikia kwenu.

Mchangiaji (Lamu)

Waaleikum salaam, mwanangu. Nimeusoma uzi wako nikiwa barazani, na nimefurahi, ingawa umenikumbusha jambo linalonisikitisha.

Watu hudhani kwamba sisi wa Lamu, kwa kuwa mji wetu ni wa punda na vichochoro, hatuna shughuli za kutuziba macho. Si kweli. Pikipiki zimeanza kupenya, na injini za maboti hazinyamazi pale mbele ya mji. Juu ya kichochoro chetu huonekana kipande cha mbingu kisichozidi upana wa kanga, na katika kipande hicho barawai hupita jioni wakipiga mayowe kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Lakini ukiwatazama wapitao chini, kila kichwa kimeinamia kiganja.

Marehemu baba yangu alikuwa mkata boriti. Usiku wa giza, akiweka kiganja juu ya gome, angekwambia kama ni mkoko, muia, mkandaa au mchu, na angekwambia pia upi wafaa dari na upi wafaa kuni tu. Pwani ya Lamu ina zaidi ya nusu ya miti hiyo kwa Kenya nzima, na bado wajukuu wangu, ambao huipita kwa boti kila wiki, yote huiita mikoko tu. Siwalaumu, kwani mti usiokuwa na kazi mikononi mwako ni shida kuujua jina.

Vivyo hivyo Kilimia. Tuliambiwa: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota hizo hupotea machoni mwezi wa Mei, mvua za mwaka zikiwa zimeshika, na huonekana tena Juni kabla ya alfajiri. Zamani niliziona nikiwa nimelala kwenye kitanda cha kamba uani. Sasa, kwa sababu ya taa za jirani, sharti nipande darini, na magoti yangu hayapendi ngazi. Lakini asumini ya uani haijali taa: hufumbua ikiingia magharibi, na mtu hata akiwa amefumba macho atajua kwamba siku imekwisha.

Mchangiaji (dereva wa tuktuk, Malindi)

Kaka mweka hesabu, nakuheshimu, lakini ruhusu niseme ukweli wangu. Wewe una kiti, una kivuli na una mshahara wa mwisho wa mwezi. Mimi nina mwenye tuktuk anayengoja hesabu yake kila jioni, hata kama sikupata abiria. Macho yangu yako barabarani na kwenye kijia cha watu, kumtafuta mwenye mizigo. Nikiyainua kutazama kereng'ende nitamgonga mtu.

Isitoshe, kitu kimoja cha maumbile tulichokuwa nacho kituoni kwetu kimeondolewa. Tulikuwa na mwarobaini mkubwa, ambao wazee huuita mkilifi, na tuktuk sita zilienea chini yake. Mwaka jana ulikatwa usiku mmoja ili bango la matangazo lionekane vizuri kutoka barabarani. Hakuna aliyetuuliza. Sasa kiti cha abiria ifikapo saa saba mchana huchoma kama kikaango, na wateja huchagua tuktuk ya kituo kingine chenye mti. Hilo ndilo somo langu la maumbile.

Ninachokijua zaidi ni abiria. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, bamvua ikishika, najua kwamba mnamo saa nne asubuhi nitapata watu wa pweza wanaokwenda mwambani, na siku inayofuata watakuja karibu saa nzima baadaye, na inayofuata baadaye zaidi, mpaka maji yawe mafu na wapotee kabisa. Hiyo ni biashara, kaka, si kutazama ndege.

Mwanzisha uzi (Malindi)

Mzee wangu wa Lamu, shikamoo, na asante. Neno lako kuhusu mti usiokuwa na kazi mikononi limenishika, na nitalirudia.

Ndugu yangu dereva, umenijibu kwa haki, na kuhusu kiti na kivuli sina la kujitetea. Lakini soma tena aya yako ya mwisho. Umeeleza kupwa na kujaa kwa bamvua, na kuchelewa kwa maji kila siku kwa kadiri ya dakika 50, kwa usahihi ambao mimi niliupata kwa kuuliza. Nimeishi Malindi miaka yote hii nikiwaona watu wa pweza na ndoana zao, na sikuwahi kujiuliza kwa nini leo wapo na kesho kutwa hawapo. Wewe unaitazama bahari bila kuiona maji, kupitia kiti chako cha nyuma. Naona hayo ni makubwa kuliko mkungu wangu.

Kuhusu mwarobaini uliokatwa, nina kisa. Mama yangu alilazwa mwaka juzi katika hospitali moja, nitaiacha bila jina, na kitanda chake kilikuwa mkabala na dirisha lililotazama ukuta wa saruji ulio umbali wa hatua mbili. Alikaa siku 11. Siku ya tano aliniomba nimletee tawi la mrihani, si la kunusa tu, bali, kwa maneno yake, apate kitu kinachobadilika. Mrihani ulinyauka, nikaleta mwingine. Baadaye nikasoma kwamba Roger Ulrich, mtafiti wa Marekani, alichapisha mwaka 1984 katika jarida la Science matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali ya Pennsylvania: waliokuwa na dirisha linalotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu chache kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Ni wagonjwa 46 tu, na mtu mwangalifu hatajenga ghorofa juu ya msingi huo. Mimi nilimwona mama na mrihani wake, na hilo linanitosha. Kwa hiyo aliyekata mti wa kituo chenu hakuwapunguzia kivuli peke yake. Aliwaondolea watu sita, pamoja na kila aliyengoja hapo, kitu cha kuweka macho.

Mchangiaji (mfuga kuku, Maweni)

Salaam kwenu nyote. Nimesoma kuhusu popo, barawai na kereng'ende, na hakuna aliyethubutu kumtaja ndege ambaye kila mtu wa Malindi humwona kabla hajanawa uso. Nitamtaja mimi: kunguru, yule mdogo mwenye shingo ya kijivu. Mwezi uliopita vifaranga vyangu saba vilichukuliwa kwa siku mbili. Je, huyu naye nimstaajabie?

Huyu si wa kwetu. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, kwa nia ya kusafisha taka, kisha akaenea pwani yote. Kunguru wetu wa asili, mwenye kifua na shingo nyeupe, ameadimika mjini. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru hao milioni 1, nami nilipiga makofi nikiwa peke yangu jikoni. Kwenye mnazi wangu minana walikuwa wakichana makuti mabichi nyuzi nyuzi na kusuka viota, kelele asubuhi kutwa. Kunguru wamekula mayai, na mnazi sasa uko kimya. Naomba mtu anijibu bila kunihubiria.

Mwanzisha uzi (Malindi)

Dada, pole kwa vifaranga. Sitakuhubiria, kwa sababu kuhusu kunguru niko upande wako.

Nitasema tu nilichoandika. Kwa mwezi mzima niliwahesabu kunguru juu ya nguzo ya umeme iliyo karibu na duka saa mbili asubuhi. Siku za kawaida walikuwa kati ya 4 na 9. Wiki ambayo taka za nyuma ya soko hazikuzolewa walifika 31. Wiki ya pili baada ya kuzolewa walirudi 6. Hesabu ya mtu mmoja kwenye nguzo moja si utafiti, najua, lakini imenifanya nimtazame kunguru kama mshale wa mizani: kadiri tunavyotupa, ndivyo anavyopanda. Mkungu wangu pia ni mgeni aliyetoka Asia, na mwarobaini wa dereva ni mgeni kutoka upande huo huo, na hata mji huu wenyewe umejaa watu ambao babu zao walikuja na kaskazi. Mgeni mmoja hutoa kivuli, mwingine hula vifaranga. Kutazama hakunilazimishi niwapende wote sawa. Kunaniwezesha tu nijue ni yupi nimekasirikia, na kwa nini.

Na hao minana, ukisikia hata mmoja amerudi, tafadhali tuandikie hapa.

Mchangiaji (Lamu)

Binti yangu wa Maweni, sisi hapa huning'iniza nyavu kuukuu za uvuvi juu ya banda la vifaranga. Haziwafukuzi kunguru, ila huwafanya waogope kutua, kwani miguu hunasa. Jaribu. Na wewe dereva, usikae kimya.

Mchangiaji (dereva wa tuktuk, Malindi)

Sikukaa kimya, mzee wangu, nilikuwa kazini. Siku nne zilizopita, nikingoja abiria, nilikwenda nyuma ya bango kwa haja ambayo sitaieleza, nikakiona kisiki cha ule mwarobaini. Kinachipua. Tangu mwaka jana sijawahi kukikaribia, kwa hasira tu. Nimehesabu machipukizi 14, mekundu ncha zake, marefu zaidi likinifika kwenye ugoko. Jana yalikuwa 12, kwa sababu ya mbuzi. Leo mimi na mwenzangu tumekizungushia tairi mbili kuukuu, moja juu ya nyingine, na mwenzangu ameniuliza tunafanya nini, nami nimemwambia anishikie tairi vizuri.

Maji leo yamepwa saa tano na robo. Watu wa pweza walikuwa watatu.